Blauzi ya Mtu Mkubwa

Pale Ihanja, enzi za Mwingereza, alikuwako mama mmoja aliyeitwa Magdalena ambaye hakuwahi kutupa kitambaa. Shati likichakaa hadi mwenyewe akaona haya kulianika hadharani, Magdalena alilipokea kwa mikono miwili kama aliyeletewa kuku. Alikuwa na kapu la matambara nyuma ya mlango, na wanawake wenzake walimcheka kwa ajili ya kapu hilo kila walipopata nafasi, na nafasi hazikukosekana.

Walimcheka mpaka vita ya Hitla ilipoanza kula nguo. Sijui Hitla alikuwa akizifanyia nini nguo za watu wa Ihanja, lakini duka la kando ya barabara lilibaki na kamba za kutundikia vitambaa bila vitambaa vyenyewe, na wanaume wazima, wenye wake na ng'ombe, wakawa wanaagana na wenzao huku wakirudi kinyumenyume ili matundu ya kaptula yasionekane. Hapo ndipo wote walipoikumbuka njia ya kwa Magdalena. Hakuna aliyemwomba radhi kwa kicheko, naye hakudai. Alichukua tambara, akaligeuza huku na huku mbele ya mwanga, akasema, "Hapa kuna blauzi," na kweli ilikuwamo.

Blauzi yake haikuwa na mambo mengi. Kipande cha mbele, kipande cha nyuma, mikono miwili iliyonyooka, na viraka viwili vya pembe nne chini ya makwapa ili mvaaji anapoinua mchi asisikie "praa". Kila kipande kizima alikitoa kwenye nguo iliyokufa: mgongo wa shati hufa wa mwisho, pindo la shuka hukaa miaka, na mifuko ya kaptula ndani yake ni mipya daima kwa sababu wengi hawana cha kuweka humo. Uzi aliufumua kwenye nguo zilezile. Alishona kwa mkono, amekaa kizingitini, miguu nje, mwili ndani, na mtu aliyetaka kupita ilibidi aombe njia.

Futi na inchi hakuzijua wala hazikumkosesha usingizi. Kipimo chake kilikuwa kamba. Ukitaka blauzi, unajizungushia kamba kifuani na kuikata panapokutana. Kisha unapiga fundo moja la urefu kutoka begani hadi kiunoni, na fundo la pili la urefu wa mkono. Aliye mbali alituma kamba, naye akabaki nyumbani.

Sasa sikia hapa, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Mumewe, mzee Mughwai, naye alikuwa fundi wa kushona, ila yeye alishona magome. Alitengeneza vilindo, yale mapipa ya gome la mti ambayo watu huwekea mtama na uwele ndani ya nyumba. Alibandua gome zima porini, akalikunja, akaliunga ncha kwa ncha kwa ugwe wa ngozi. Na kipimo cha kilindo ni kipi? Kamba. Mzunguko wake, fundo moja la kimo, na fundo la pili la upana wa mfuniko. Kamba za mume na kamba za mke zilifanana kabisa, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na vigingi viwili ukutani, kimoja upande huu na kimoja upande ule: cha kulia cha watu, cha kushoto cha vilindo. Miaka yote hiyo hapakutokea kosa hata moja, kwa sababu kila mmoja alitundika za kwake mwenyewe.

Walikuwa na mtoto wa kiume, Chrispin. Huyu alitumwa Issuna kununua mbuzi, akarudi bila mbuzi. Alipoulizwa, alizungumza habari za msichana aitwaye Klara mpaka ugali ukapoa, na baba yake akaelewa kuwa mbuzi hayupo tena katika mazungumzo. Wakamtuma mshenga, jirani yao Philipo, mtu wa maneno mengi na miguu isiyochoka. Philipo alikwenda na kurudi, akaenda tena na kurudi, na mambo yote yakakubaliwa isipokuwa moja.

"Mama yake Klara anataka nguo yake," Philipo alisema. "Nguo ya mama. Anasema ng'ombe ni wa baba, mbuzi ni wa wajomba, lakini yeye ndiye aliyembeba huyo binti mgongoni, na nguo aliyombebea imechanika. Asipovikwa nguo mbele ya mashahidi, harusi hakuna. Amesema hivyo, na huyo mama akisema, amesema."

Chrispin alikaa chini kama aliyevunjiwa kiti. Nguo itatoka wapi mwaka ule? Hata padri alikuwa amevaa kanzu yenye kiraka. Alimtazama mama yake kwa macho ambayo mama yeyote angeyajua, na Magdalena akasikia moyo unamwuma, maana alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na mtoto huyo alikuwa ameacha kula.

"Mwambie nitamshonea blauzi," akasema. "Aniletee kamba."

Philipo aliporudi na kamba, Magdalena alikuwa kisimani. Na Philipo hakuleta kamba moja. Damiani, baba yake Klara, aliposikia kwamba baba wa mkwe mtarajiwa ni fundi wa vilindo, naye alituma ya kwake, maana mavuno yalikuwa yamemzidi na alitaka kilindo kikubwa cha uwele. Mzee Mughwai alikuwa amekaa ndani, mgongo ukutani, uso mlangoni, tonge mkononi. Hakuinuka.

"Tundika," akamwambia Philipo. "Ya mama kulia, ya kilindo kushoto."

Philipo, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, uso wake ndani na mgongo wake mlangoni, akatundika ya mama kuliani kwake na ya kilindo kushotoni kwake. Akanawa mikono akakaa kula. Kulia kwa mtu aingiaye ni kushoto kwa mtu anayemtazama, jambo ambalo hata mbuzi wangelijua kama wangeulizwa, lakini wale wazee wawili walikuwa na ugali wa kushughulikia.

Magdalena akaitwaa kamba yake kigingini. Akajizungushia. Kamba ikamzunguka, ikaendelea, ikakaribia kumzunguka tena. Akalitafuta fundo la urefu, akasimama, akaliweka begani na kuliachia chini. Likagusa vifundo vya miguu. Akakaa kizingitini, kamba mapajani.

"Chrispin, mwanangu," akaita. "Huyo mama yake Klara ni mkubwa?"

"Mkubwa sana, mama," Chrispin akajibu kwa heshima yote. "Ni mtu mkubwa kabisa pale Issuna."

"Mkubwa namna gani?"

"Akiingia mahali, watu wote wanasimama."

"Wanasimama kumpisha?"

"Wanampisha, ndiyo. Hata jumbe humpisha. Na kanisani ana benchi lake peke yake."

Magdalena alitikisa kichwa polepole. Benchi zima! Akaitazama ile kamba tena, na safari hii kwa heshima.

Akaanza kazi. Kapu lote likamwagwa. Kaptula ya kaki ya jirani ikatoa mgongo wa blauzi, kanzu ya zamani ya Mughwai ikatoa kifua, mfuko wa unga wenye herufi nyekundu ukageuzwa ndani nje ukawa bega. Alikata, akaunga, akapima, na kila alipopima kamba ilikuwa bado inamdai. Akaongeza kaniki yake aliyojifunga ndani. Haikutosha. Akazunguka kwa majirani akiomba hata vipande vya ukubwa wa kiganja, na majirani wakamwuliza kama anashona hema la jeshi. Akawajibu kwamba anamshonea mkwe, na ukubwa wa mkwe si jambo la kuchekwa.

Mwisho matambara yakaisha Ihanja nzima. Pembeni mwa blauzi, kulia na kushoto, palibaki pengo refu kutoka kwapani hadi chini. Magdalena akalitazama pengo hilo siku ile yote. Kisha akaingia ndani, akafungua sanduku la bati, akatoa gauni lake la Jumapili, jekundu lenye maua ya njano, nguo pekee aliyokuwa nayo isiyokuwa na kiraka. Ndilo alilotaka kulivaa kwenye harusi ya mwanawe. Alilinusa, akalilaza usoni kidogo, akaanza kulifumua kuanzia pindoni. Iliuma, nisikufiche. Alikuwa akifumua na kusengenya ukubwa wa mkwe wake kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini, na lugha hiyo ina maneno yanayotosha.

Mzee Mughwai kwa upande wake alikuwa anaona huruma. Kamba aliyoikuta kigingini kwake ilikuwa fupi kiasi kwamba aliipima mara tatu. "Maskini Damiani," akasema moyoni. "Ukame umempiga, na mtu mzima haulizwi amevuna nini." Akashona kilindo kidogo kizuri, akakiwekea mfuniko mpana kupita mdomo wake, kama fundo lilivyoagiza, na akashukuru kwamba angalau ni chepesi kubeba.

Wakaondoka, Magdalena, Mughwai, Chrispin na Philipo mbele akiongea. Issuna si jirani. Walilala njiani kwa watu, wakafika kesho yake jua likiwa limeshapanda. Uani kwa Damiani watu walikuwa wamekwisha kukaa, wazee upande mmoja na wanawake upande mwingine. Mlangoni alisimama mwanamke mmoja mfupi, mwembamba, mkavu, amejifunga kipande cha shuka kilichochoka.

"Karibuni," akasema.

"Tumekaribia, dada," Magdalena akaitikia. "Tunamtafuta mama mwenye nyumba, mama yake Klara."

"Umempata. Ndiye mimi, Kristina."

Magdalena akachungulia nyuma ya yule mwanamke, kama kuna mwingine. Hakuna. Akachungulia tena. Wakati huohuo watu wote waliokuwa wamekaa uani walisimama kwa ajili ya Kristina, wazee kwa vijana, na aliyekuwa kwenye njia yake akampisha. Alikuwa mkunga wa pale. Nusu ya waliosimama walianza kulia hapa duniani mikononi mwake. Magdalena akaelewa yote kwa mara moja, akalikumbatia furushi lake na kumnong'oneza mumewe, "Baba Chrispin, tuseme tumesahau nguo."

Lakini Philipo alikuwa amekwisha kufungua kinywa. "Nguo ya mama hii hapa!" akatangaza. "Na kilindo cha baba hiki hapa!"

Furushi likachukuliwa, likafunguliwa. Blauzi ikatoka, ikaendelea kutoka. Wanawake wawili waliishika wakamvika Kristina mbele ya mashahidi kama desturi ilivyotaka. Kichwa kilitokeza shingoni, na bega moja likafuata, na la pili, na kama asingeikamata kwa mikono yote miwili angetoka mzima kupitia tundu la shingo. Iliyobaki ililala chini ikimzunguka. Herufi nyekundu za mfuko wa unga zilisomeka begani kinyumenyume. Uani watu walijiuma midomo.

Kristina akajitazama. Kisha akasema taratibu, kila neno peke yake, "Nguo huvaliwa. Hii sijaivaa. Nimeingia tu."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Chrispin aliinamisha kichwa. Klara, aliyekuwa anachungulia dirishani, alijifunika uso.

Naye Damiani alikuwa amekizunguka kilindo chake, akakigonga kwa kidole. Kikalia, tu, tu. "Mzee Mughwai," akasema, "ngoma hii ni ya harusi, nimeshukuru. Kilindo kiko wapi?"

"Ndicho hicho," Mughwai akasema.

"Hiki? Mavuno yangu yaingie humu? Mimi naweka humu mavuno ya mwaka au ya adhuhuri?"

Sasa wazee wa upande wa Damiani walianza kunong'ona, na minong'ono ya wazee huwa haina mema. Mke ametukanwa kwamba ni tembo, mume ametukanwa kwamba ni maskini, na wote katika asubuhi moja. Mmoja alishasema kwamba ng'ombe waliotajwa wakae kwao. Magdalena akaona harusi ya mwanawe inaondoka mbele ya macho yake kama moshi, na ingawa ulimi wake haukuzoea baraza, akasimama.

Alizichomoa kamba mbili kwenye kikapu chake, yake na ya mumewe, maana hakuwahi kumkabidhi mtu kazi bila kumrudishia kamba yake. Akamwendea Kristina, akazungusha kamba aliyoitumia mumewe kwa kilindo kifuani pake, chini ya ile nguo aliyoikusanya. Ncha zikakutana barabara. Akaizungusha ile nyingine kwenye blauzi pindoni, nayo ikakutana barabara. Kisha akageuka.

"Philipo," akasema, "mzee alikwambia utundike wapi?"

"Ya mama kulia."

"Kulia kwa nani?"

Philipo akainua mkono wake wa kulia, akamtazama Mughwai aliyekaa kumwelekea, na Mughwai naye akainua wa kwake. Mikono miwili ya kulia ikawa pande mbili tofauti.

Kicheko kikalipuka upande wa wanawake kwanza. Damiani akakitazama kilindo, akamtazama mke wake, akakitazama kilindo tena, kimo chake na unene wake, na mfuniko wake uliotokeza pembeni, akaanza kutikisika mabega. Lakini Kristina hakucheka. Aliinua kidole na uani ukatulia.

"Mama Chrispin," akasema. "Kosa la kamba nimelielewa. Lakini wewe ni fundi. Uliposhika kamba hii, ukaona inamzunguka mtu mara mbili kasoro kidogo, hukujiambia kwamba hakuna mwanamke wa namna hii?"

"Nilijiambia," Magdalena akajibu. "Nikamwuliza mwanangu. Akasema wewe ni mtu mkubwa sana, watu wanasimama, jumbe anakupisha, kanisani una benchi lako. Nikaona basi ndiyo hivyo. Mimi ni nani hata nipunguze ukubwa wa mkwe wangu? Nikaongeza kitambaa."

Kristina akashusha macho kwenye ile blauzi, akawa anaipapasa, kaki, kanzu, mfuko wa unga, kaniki, kama anavyopapasa mkunga, kwa kutafuta kitu. Mkono wake ukafika pembeni, kwenye maua ya njano. Ukasimama hapo.

"Haya si matambara," akasema. "Hii ilikuwa nguo nzima. Ya nani?"

Magdalena alitazama chini. Aliyejibu ni Mughwai, ambaye hakuwa ameambiwa kitu na wala hakuwa ameona mpaka wakati ule. "Hilo ni gauni lake la Jumapili," akasema kwa mshangao. "Mama Chrispin, umelikata gauni lako?"

"Matambara yaliisha," Magdalena akasema.

Upepo ukapita ukainua pindo la ile nguo na kulirudisha chini. Kristina akaikusanya blauzi yote mikononi, akajinyoosha mpaka akaonekana mrefu kidogo, akawageukia mashahidi.

"Nimevaa," akasema.

Hilo neno moja ndilo lililokuwa linangojwa. Wanawake wakapiga vigelegele, Klara akatoweka dirishani, na Chrispin, ambaye hakuwa amekula vizuri kwa muda mrefu, akauliza mtu wa karibu yake kama kuna kitu jikoni.

Magdalena alikaa kizingitini kwa Kristina siku ileile, miguu nje, mwili ndani, akafumua. Kristina alikaa karibu naye akimshikia kitambaa, na kila aliyepita akaomba njia kwa wote wawili. Blauzi ya Kristina ikarudi kwenye kipimo chake. Magdalena alitaka kuondoa maua yote, lakini mwenzake akakataa. Akataka kipande kimoja kibaki kifuani. Kilichozidi, na kilizidi kweli, kikatoa blauzi ya pili ya Magdalena mwenyewe, maua pembeni, kaki mgongoni, kaniki mikononi. Siku ya harusi wakwe hao wawili walikuwa wamevaa sare, na wageni waliotoka mbali waliuliza kama ni dada. Philipo aliwajibu kwamba ndiyo, na ni yeye aliyewakutanisha.

Mughwai alimshonea Damiani kilindo kingine kikubwa, na safari hii alikwenda kupima mwenyewe. Kile kidogo hakikutupwa, maana nyumba ile ya Ihanja haikujua kutupa. Chrispin na Klara walipewa kikawa kilindo chao cha kwanza. Kimo kilekile cha kamba ya Kristina, unene uleule, kilikaa pembeni ya ukuta kama mtu aliyekuja kuwatembelea, na Klara hakukiita kilindo. Kila Chrispin alipomimina debe la uwele na kutaka kufunika, mkewe alimshika mkono.

"Ongeza," alisema. "Mama bado hajashiba."